Kukuziwa Hamsini na Nane

Saa mbili asubuhi ya Jumatatu, Inspekta alikuwa ameshaigeuza ofisi ya kituo cha ziwa juu chini. Kabati, droo, nyuma ya picha za ukutani, mpaka ndani ya buti za mvua. Na baada ya jasho lote hilo akabaki na karatasi mbili mezani. Mbili tu!

Zote zilikuwa za Jumamosi, siku ya hesabu ya mwaka. Zote za sehemu moja, Ghuba ya Matete, pale ziwa linapojikunja kama kiwiko na maji kuwa ya kina kifupi. Karatasi ya kwanza ilisema ndege elfu mbili mia moja na arobaini. Ya pili ilisema sitini na mmoja.

Sitini na mmoja, jamani! Waya wa umeme nje ya kituo cha polisi ulikuwa na wengi kuliko hao.

"Mmoja kati ya hawa wahesabu wawili anadanganya," alisema Sajini, mtu mnene mwenye mafua ya kudumu, aliyeamini kwamba kesi yoyote inaweza kuisha kabla ya chakula cha mchana.

"Au wote wawili," alisema Inspekta. "Au hakuna hata mmoja."

Sajini akapiga chafya. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kupinga.

Inspekta mwenyewe watu walimwita Sindano. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole wa sura, na swali lake likishakuingia hulioni linatokea wapi. Asubuhi hiyo alikuwa na saa sita za kulitumia. Saa nane mchana kamati ya ziwa ingekaa. Kampuni ya mashamba ilitaka kufungua lango la maji na kuikausha ghuba, na hoja yake ilikuwa nyepesi: hakuna ndege pale, na yule kikongwe anayewahesabu amekuwa akiwatunga kichwani miaka ishirini na saba. Kama Inspekta asingekuwa na jibu kufikia saa nane, madaftari yote ishirini na saba ya kikongwe yule yangetupwa, na Jumatano lango lingefunguliwa.

Kikongwe mwenyewe alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, magoti yamefungwa vitambaa, miwani inaning'inia kifuani. Ziwa zima lilimwita Bibi Hesabu.

"Mwanangu," alimwambia Inspekta, "mimi nimedanganya mara mbili tu maishani. Mara moja nilimwambia marehemu mume wangu kwamba anaimba vizuri. Mara ya pili nilimwambia tena. Ndege sijawadanganyia."

"Jumamosi ulihesabu saa ngapi, Bibi?"

"Saa kumi na mbili mpaka saa moja na nusu. Kisha nikaenda nyumbani kunywa chai. Muulize mkwe wangu. Na ujue mkwe wangu hawezi kunitetea bure."

Sajini alikuwa ameshamuuliza. Mkwe alithibitisha, huku akinuna.

Aliyekuwa akiwahudumia chai ni Katibu wa kituo, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linakata. Miaka sita amekuwa akimwandikia Bibi. Bibi anatazama na kutaja, yeye anaandika, maana mhesabu akishainamisha macho ameshapoteza kundi. Jumamosi hakuwepo, alisema. Mashine ya kutoa nakala ilikuwa mbovu, akaenda mjini na fomu zake tangu saa moja asubuhi, akarudi saa tano.

"Mwalimu wangu huyu aliandika mwenyewe siku hiyo," alisema, akimwekea Bibi sukari vijiko vitatu bila kuuliza. "Nilimwomba radhi."

Hapo nje kukasikika mlio, mkali na wa kucheka, juu kabisa. Katibu aliacha mazungumzo. Aliweka birika chini, akatazama dirishani, akavuta daftari jekundu la kila siku lililofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, akaandika jina la tai huyo wa ziwani huku akinong'ona: "Furukombe mmoja. Kusini." Kisha akachukua birika tena kana kwamba hajaliacha.

"Kila anayepita mnaandika?" aliuliza Inspekta.

"Ndege hasubiri ujipange," alijibu Katibu, na Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana maneno hayo yalikuwa yake.

"Na daftari hilo nani hulisoma?"

"Hakuna, afande," alisema Katibu akicheka. "Linaliwa na mende."

*

Mwenye karatasi ya pili walimkuta barazani. Kampuni ilikuwa imemleta kutoka mbali, na yeye walimwita Mtaalamu. Alivaa kizibao chenye mifuko kumi na mmoja (Sajini alihesabu, alishaanza kuambukizwa), na kila alipomwona Bibi kupitia mlangoni alisimama kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Ulifika kwenye kibanda cha kuchungulia saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu kamili. Nikatoka saa nne na nusu."

"Mwenzio alianza saa kumi na mbili. Wewe kwa nini ulingoja jua lichome?"

"Ratiba ya kituo, afande. Bibi kwanza, mimi baadaye, ili tusigongane."

"Ukaona nini?"

"Sitini na mmoja. Kwa kweli hata mimi nilishangaa. Nilifuta kioo cha darubini mara tatu. Hesabu za Bibi tulizisoma chuoni! Nilikuja nikijua nitaona maajabu."

"Mbona hukuandika kwamba umeshangaa?"

"Fomu haina nafasi ya mshangao, afande."

Sajini alisema kwa sauti ya chini kwamba huyu amelipwa aone wachache. Inspekta alikuwa anasoma mwandiko mdogo pembezoni mwa karatasi ya Mtaalamu, ule ambao mtu huandika akiwa hana lingine la kufanya. Kukuziwa 58, mkumbo mmoja katikati ya maji, wamegusana. Kibisi 3, wanazama kila mara.

"Mtu anayetunga," alisema, "anatunga namba. Hajisumbui kutunga wamekaaje. Sajini, msaidie Bibi kushuka ngazi. Twende ziwani."

*

Njia ilipita juu ya tuta, maji upande mmoja, majaruba ya mpunga upande wa pili. Na walipofika kona ya mwisho, matete yakafunguka.

Ee bwana wee!

Sajini alikuwa na leso puani na akasahau kuitumia. Ghuba ilijaa. Yangeyange weupe walisimama kwenye kina kifupi, kila mmoja na kivuli chake, mpaka hukujua yupi ni ndege na yupi ni maji. Mnandi walikaa juu ya miti iliyokufa wametandaza mbawa, kama nguo za familia kubwa siku ya kufua. Bata walipita kwa misafara. Sile-maua wenye vidole virefu walitembea juu ya majani ya yungiyungi kwa madaha, kana kwamba kuzama ni jambo la watu wengine.

"Wamerudi jana asubuhi," alisema Bibi. "Jumapili. Na nani atanisadiki? Hesabu ni ya Jumamosi."

Inspekta alisimama kidogo zaidi kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akatoa simu yake.

"Bibi, usinielewe vibaya. Nakupima."

"Nipime, mwanangu. Hata daktari hunipima na sijafa."

Kundi la bata lilikuwa linanyanyuka upande wa kisiwa. Bibi alivaa miwani, akatia mikono yote miwili mifukoni. Hapo ndipo Inspekta alipoelewa kwa nini mifuko ya gauni lile ilikuwa imevimba: ilijaa maharage. Kila ndege kumi, harage moja lilihama kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, bila macho kuondoka angani. Kundi lilipita kwa muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Inspekta alikuwa amelipiga picha.

"Mia mbili na thelathini," alisema Bibi. "Na mmoja ana mguu uliovunjika."

Walikaa juu ya gogo, Inspekta na Sajini, wakaivuta picha ikawa kubwa, wakatia nukta juu ya bata mmoja mmoja. Iliwachukua dakika kumi na ugomvi mara mbili.

"Mia mbili thelathini na wanne," alisema Inspekta hatimaye.

"Wanne hao ni wa Sajini," alisema Bibi. "Anahesabu hata uchafu wa kioo."

Sajini alifuta kioo cha simu kwa shati. Wakawa mia mbili thelathini na wawili. Akamwamkia Bibi upya, shikamoo ya pili siku hiyo, na safari hii aliinama.

Basi huyu hadanganyi. Na yule wa mifuko kumi na mmoja? Inspekta aliingia kwenye kibanda cha kuchungulia, akakaa pale Mtaalamu alipokaa. Kibanda kilikuwa cha mbao, paa la nyasi limeshuka chini, na dirisha lake lilikuwa ufa tu, mwembamba kama mdomo wa sanduku la kura. Alichungulia. Maji. Matete. Miguu ya yangeyange. Alijaribu kutazama juu, akagonga paji la uso.

"Humu anga haionekani kabisa," alisema akitoka huku akijisugua. "Bibi, nisomee mstari huu, uniambie unaona nini."

Bibi alisogeza karatasi ya Mtaalamu mbali, akaileta karibu. Midomo ikacheza. Kukuziwa 58, mkumbo mmoja, katikati ya maji, wamegusana. Akasoma tena. Safari hii miwani ilimshuka puani na hakuipandisha.

"Kijana wa watu," alisema polepole. "Kumbe anaona! Anaona vizuri kabisa, ila hajui ameona nini."

"Tuambie, Bibi."

"Kukuziwa si wale pale? Weusi, paji jeupe kama wamepakwa chokaa. Sasa sikilizeni. Kukuziwa akiogopa mtu anakimbilia matete. Akiogopa mtumbwi, matete. Bunduki, mbwa, wavuvi wanaogombana, matete tu. Kuna jambo moja linalomtoa mafichoni na kumpeleka katikati ya maji, akajibana na wenzake bega kwa bega, wakirusha maji juu kwa miguu." Akainua kidole. "Kitu cha angani."

"Furukombe!" alisema Sajini. "Kesi imeisha. Tumemsikia asubuhi."

"Furukombe anakuja, anapiga, anaondoka. Dakika kumi, kila mtu amerudi kwenye chai yake. Hapa ghuba ilikaa tupu masaa mawili. Wenye mbawa nzuri wote waliondoka. Wakabaki kukuziwa, ambao ni wavivu wa kuruka, na kibisi wangu watatu, ambao wakiogopa wanaenda chini si juu."

"Mwewe gani anakaa angani masaa mawili, mahali pamoja, bila kuchoka?" aliuliza Inspekta.

Upepo ulipita juu ya tuta. Sajini alikuwa amegeuka upande wa pili kutafuta kivuli, na sasa alisimama amekodoa macho juu ya majaruba ya mpunga.

"Afande," alisema. "Yule pale je?"

Juu ya mpunga, nusu kilometa kutoka pale, alining'inia mwewe mweusi. Mbawa wazi. Hapigi, hashuki, hasogei. Mkia wake ulikuwa wa mfuko wa nailoni.

*

Mwenye tiara hilo la kurushwa kwa kamba, lililokatwa kwa umbo la mwewe, aliitwa Mzee wa Mpunga. Alikuwa amekaa chini ya kibanda chake cha kulindia, akaunyoosha mguu mmoja tu kuwakaribisha, maana wa pili ulikuwa umefungwa kamba ya tiara.

"Hilo ni la kufukuzia kwelea," alisema. "Nimelishona mwenyewe kwa koti la marehemu baba. Lina leseni gani tena?"

"Jumamosi asubuhi ulilirusha wapi, mzee?"

"Jumamosi!" Mzee alipiga paja. "Jumamosi ndiyo sitaki kuisikia. Ijumaa jioni tiara lipo msumarini. Jumamosi alfajiri halipo. Jumapili asubuhi lipo! Nikamwambia mke wangu, labda nazeeka. Akasema ondoa labda."

"Ukakaa siku nzima bila tiara?"

"Nikakaa kama mjinga napiga debe. Na siku hiyohiyo, kwa kuwa mkosi hauji peke yake, wakaingia ndege weupe, tisa, midomo kama miko ya kupikia. Wakaanza kunikorogea jaruba kulia kushoto, kulia kushoto, kama wana wageni. Wako kule chini mpaka leo. Nimewafukuza, wameniangalia tu."

Sajini alimvuta Inspekta pembeni. "Tumkamate?"

"Kwa kosa la kuibiwa?"

Inspekta aliomba kushika kamba. Mzee alimvulia kutoka mguuni. Hatua ishirini za kwanza zilikuwa mshipi wa kuvulia, mkuukuu, wenye mafundo. Kisha mshipi ukaisha, na kuanzia hapo mpaka angani ilikuwa kamba ya kijani, mpya, laini.

"Hii ya kijani umenunua wapi?"

"Sijanunua! Jumapili nimelikuta lina kamba ndefu zaidi. Mwizi wangu ana roho nzuri, afande. Mkimpata mumwambie aje tena achukue jembe."

Inspekta alicheka, lakini macho yake yalikuwa yamesharudi kwenye tuta. Kando ya maji, kila hatua hamsini, kulikuwa na kigingi, na kati ya kigingi na kigingi ilinyooshwa kamba ya kugawa ghuba vipande vya kuhesabia.

Kamba ya kijani.

*

Stoo ya kituo, zilimowekwa kamba hizo, ilikuwa na kufuli moja na funguo mbili. Mmoja ulining'inia shingoni kwa Bibi pamoja na miwani. Saa saba na robo Inspekta aliingia ofisini kumwona mwenye ufunguo wa pili. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma kwa dakika kumi, kama kawaida yake. Katibu alikuwa anapanga viti vya kamati.

"Umetusaidia sana leo," alisema Inspekta, akakaa. "Nina swali dogo. Jumamosi, mjini, ulitoa nakala duka gani?"

"Lile la karibu na stendi, afande."

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa mbili kasoro. Nilikuwa kwenye foleni mpaka saa nne."

"Foleni ndefu."

"Ilikuwa mwisho wa mwezi."

Inspekta alikwenda dirishani. Kituo kilijengwa kikiipa ghuba mgongo. Kutoka pale ilionekana barabara, ua wa mikaratusi mirefu, na kipande cha anga juu ya lango. Ukitaka kuiona ghuba ni lazima upande tuta.

"Nipe daftari jekundu," alisema bila kugeuka.

Kiti kimoja kilianguka. Katibu alikiinua taratibu. "Lile la mende?"

"Hilohilo."

Daftari lilikuwa limefungwa kwa uzi, hivyo Inspekta alichutama palepale, chini ya meza, akafungua Jumamosi. Alisoma. Akamwita Sajini, naye akachutama akihema, wakawa wawili chini ya meza kama watoto wanaocheza kujificha. Mwandiko ulikuwa nadhifu, umelalia kulia, hauna mkwaruzo:

Saa 2:10. Waliopita angani. Mnandi 700. Yangeyange 650. Bata 720. Kutoka ghubani kwenda kisiwani. Wana hofu.

"Huu mwandiko wa nani?" aliuliza Inspekta kutoka chini.

Katibu alinyoosha kiti ambacho tayari kilikuwa kimenyooka.

"Saa mbili na dakika kumi ulikuwa kwenye foleni mjini. Stendi kwenu hupita mnandi mia saba?"

Katibu alitazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine, mtu aliyemwamini.

"Mkono tu huo, afande," alisema. "Mkono umezoea."

"Ulijua hii ni hatari."

"Nilijua. Nilirudisha tiara, nikaosha matope, nikatunga safari ya mjini. Nikakaa hapa. Nikajaribu kufanya mambo mengine." Sauti ilimpasuka. "Elfu mbili na sabini juu ya kichwa changu, afande! Anga lote likawa mbawa. Kundi kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona, na niko peke yangu. Nisiwaandike?"

Sajini alisahau kupiga chafya.

"Kampuni ilikuahidi nini?"

"Usimamizi wa shamba. Kiti changu, ofisi yangu. Miaka sita, afande, ndege ni wa Bibi, hesabu ni ya Bibi, sifa ni za Bibi. Mimi ni kalamu."

Mlangoni kulikuwa na mtu. Bibi Hesabu alikuwa amesimama pale, ameshika fremu ya mlango, na hakuna aliyejua tangu saa ngapi. Katibu alimwona akainamisha kichwa.

Sajini, kwa aibu ya kutojua pa kuangalia, alitoa kalamu na kuanza kujumlisha mgongoni mwa bahasha. "Elfu mbili na sabini walioruka, sitini na mmoja waliobaki... elfu mbili mia moja thelathini na mmoja. Afande, hesabu ya Bibi ina tisa zaidi, ambao hatujui walikokwenda."

"Domomwiko," alisema Bibi kutoka mlangoni. "Nilihesabu domomwiko tisa. Weupe, mdomo kama mwiko. Hao hawakwenda na wenzao?"

Inspekta alitoka chini ya meza na vumbi kwenye magoti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake wote ulitabasamu.

"Wako kwenye jaruba la Mzee wa Mpunga, Bibi. Tangu Jumamosi. Wanakoroga kama wana wageni."

*

Kamati ilikaa saa nane na dakika kumi, kwa sababu iliamini saa ya ukutani. Inspekta alizungumza dakika saba. Aliweka mezani karatasi mbili, kipande cha kamba ya kijani na daftari la mende. Mtaalamu alisimama bila kuulizwa, akasema karatasi yake ni ya kweli na ya Bibi ni ya kweli, na kwamba kama kuna fomu ya mshangao anaomba aijaze sasa. Mwakilishi wa kampuni alikumbuka ana safari. Lango la maji liliongezewa kufuli, ufunguo ukaenda kwa polisi, na madaftari ishirini na saba yakarudi kabatini moja moja, Sajini akiyabeba kama mayai.

Bibi hakuyasikiliza hayo yote. Alikuwa na daftari jekundu mapajani, uzi wake umekatwa, anapitisha kidole juu ya mstari wa saa mbili na dakika kumi. Mara kwa mara harage lilisikika likigongana na lingine mfukoni.

"Wakiwa wanaruka," alisema, hamwambii mtu. "Kamba ya tiara mkononi. Hana wa kumwandikia. Na hajakosea hata mmoja." Akafuta miwani kwa ncha ya kanga. "Nilimfundisha vizuri, mshenzi huyu. Nilimfundisha vizuri sana."

Walimtoa Katibu saa tisa, pingu mikononi, Sajini akimshika kiwiko kwa upole kuliko alivyokusudia. Gari lilikuwa chini ya mikaratusi. Walikuwa hawajalifikia, mvumo ukapita juu yao, kama shuka kubwa linalokung'utwa. Yangeyange wakirudi kutoka kisiwani, chini kabisa, weupe dhidi ya majani.

Katibu alisimama. Sajini akamwacha asimame. Kichwa kilikuwa nyuma, midomo inacheza, na ndani ya pingu kidole gumba kilikuwa kinahama kutoka kidole hadi kidole, kumi kwa kumi.

Bibi alikuwa ameshatoka na kukaa barazani. Hakutazama juu. Alilifungua daftari jekundu kwenye goti, akalamba ncha ya kalamu.

"Wangapi?" aliuliza.

"Mia moja na tisini, Mwalimu. Kaskazini."

Bibi akaandika.